Waya Mweupe

Saa kumi na moja alfajiri, Novemba, nje kidogo ya Canora.
Baridi nyuzi kumi na tisa chini ya sufuri.
Ndama kumi na wanne wamo kwenye trela tayari,
pumzi zao zinafuka kupitia matundu ya bati,
na mnada wa Yorkton haumngoji mtu.

Baba anakanyaga breki. Mimi niko nyuma, natazama.
"Inawaka?"
Inawaka, ila si inayotakiwa.
Akiwasha indiketa ya kushoto, zote zinakonyeza,
za kulia, za kushoto, hata vile vitaa vya ubavuni,
kana kwamba zimekula njama.
"Ni balbu," anasema Orest Bodnarchuk,
ambaye kwa miaka sitini na tisa
kila kilichomshinda kilikuwa balbu.

Balbu tumebadilisha. Zote.
Plagi nimeikwangua, pini moja moja hadi ya saba,
kwa kisu cha kumenyea viazi.

Trela tuliinunua kwa Klassen,
mtu mnyoofu, shemasi,
lakini nyaya zake, Mungu amsamehe!
Wa njano kauunga na wa kijani, akajuta, akaukata,
kisha akaufunga kwa plasta ya kidonda.

Nashika testa. Pini ya moto wa kudumu: sufuri.
Ile ndiyo huchaji kibetri cha breki za dharura,
kibetri ambacho tumekilaani miaka miwili.
Nafungua kisanduku cha fyuzi: tundu li wazi, safi,
halijawahi kukaliwa.
Na fyuzi yenyewe? Imelala kwenye droo ya dashibodi,
ndani ya mfuko wa karatasi kutoka kiwandani,
chini ya kitabu cha maelekezo
ambacho nyumbani kwetu kukifungua ni kukiri kushindwa.
Naichomeka. Volti kumi na mbili na nukta nne.
Baba anasema alikuwa anajua.

Bado zinakonyeza.

Napima wa njano kwa waya mweupe: volti nane.
Napima wa njano kwa chesisi ya pikapu: kumi na mbili.
Basi moto unafika. Unakwenda vizuri tu.
Unachokosa ni pa kurudia.

Napiga magoti thelujini, nafuata waya mweupe
hadi boliti uliyofungiwa, chini ya mkono wa trela.
Klassen aliipaka rangi. Nyekundu, tabaka tatu, inang'aa.
Nakwangua: chini yake kutu, kutu, unga wa kutu.
Mficha maradhi.
Kumbe miaka yote umeme ulikuwa ukirudi
kwa kudandia tufe la kukokotea,
penye grisi, ukisukumana na kila mtikisiko,
na usiku mwingine ukikosa nafasi.

"Lete, nifunge mimi," Baba anasema.
Nampa nati.
Inaanguka. Naiokota.
Inaanguka tena.
Mara ya tatu taa yangu ya kichwani inamulika mkono wake,
na mkono unacheza peke yake,
haumsikilizi.
"Ni baridi," anasema.

Sauti ni ile ile ya balbu.

Sikujibu. Nilipiga msasa hadi chuma kikawa cheupe,
nikaivisha boliti mpya, nikakaza,
nikapaka grisi juu yake, siyo rangi.
Nilichukua muda kuliko ilivyohitajika.
Kule juu ndama mmoja alikuwa akipiga teke bati, du, du,
na Baba alikuwa amesimama, mikono mifukoni,
akitazama mashariki ambako hapakuwa na kitu.

Kushoto: kushoto tu.
Kulia: kulia tu.
Breki: zote mbili, nyekundu juu ya theluji.

Nikasema, "Tayari."
Akasema, "Nilikwambia ni kitu kidogo."
Funguo zilikuwa kwake. Alizitazama.
Akaziweka juu ya boneti, taratibu, mahali ambapo nitaziona,
akazunguka upande wa pili,
akafungua mlango wa abiria.